Maana ya Shanga Nyeusi

"Kadija, ulimtumia mama yangu kitu gani?"

Swaib hakunisalimia. Huyu ni mwanamume ambaye akipiga simu anauliza hali yangu, hali ya majirani na hali ya paka, mpaka namwomba aseme anachotaka. Jumatatu ile asubuhi aliyaruka yote.

"Kawa la kufunikia chakula," nikamjibu. "Nimelisuka mwezi mzima, na pembeni nimelishonea shanga kwa mkono wangu. Kwani halijafika?"

"Limefika. Mama amelirudisha kwenye boksi. Anasema Ijumaa hakuna ndoa."

Nilikuwa nimeshika sindano. Nikaichomeka kwenye mto nisije nikajidunga.

"Swaib, usinitanie. Alhamisi watu wanaleta mahema."

"Mimi sitanii. Kuna kadi ulitia ndani."

"Sikutia kadi yoyote."

"Ninayo hapa mkononi. Imeandikwa Kizungu, nakutolea kwa Kiswahili. Inasema, 'Shanga nyeusi zikizunguka nyeupe ni za mwanamke aliyefiwa na mumewe. Wakati wake umekwisha. Anapewa ili akae kimya na kuwaachia wengine nyumba.'"

Nikakaa chini kwenye mkeka. Maneno yale niliyajua moja baada ya jingine, kwa sababu niliyaandika mimi.

"Kadija, uko?"

"Niko."

"Baba alikufa miaka minne iliyopita. Mama yangu ni mjane. Sasa wewe unamtumia kitu kama hicho siku nne kabla ya harusi. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Nakupigia."

Nikakata simu. 

Ngoja niwaeleze, msije mkanihukumu kabla ya wakati. Mimi ni Mnubi wa Kimaka, hapa Jinja. Babu yangu alikuwa jeshini, ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili tangu asubuhi, wakati majirani, waliokizoea midomoni mwa wanajeshi, wakikisikia bado wanafikiria bunduki. Kazi yangu ni kushona shanga. Nafanyia kazi duka la Dorothy, Mkenya mmoja aliyevuka mpaka zamani akafungua duka la vitu vya mikono mjini. Watalii wakitoka kutazama mto Nile, wanaingia kwake.

Mwaka jana Dorothy aliniambia watalii wote wanauliza swali moja: hizi rangi zina maana gani? Akataka kadi ishirini, kila mchoro na kadi yake. Mimi nikamwambia ukweli. Habuba, bibi yangu aliyenifundisha, Mungu amrehemu, nilimuuliza jambo hilo hilo nikiwa mdogo. Akaniambia wapo watu wenye maana zao za rangi, wanazijua na wanaziheshimu, ila yeye alikuwa akishona kinachopendeza macho, na kwa rangi iliyopatikana dukani wiki ile.

"Hiyo siwezi kuandika kwenye kadi," Dorothy akasema. "Tafuta maana."

Basi nikazitafuta kichwani mwangu. Nilizimaliza kwa siku mbili, na nisiwafiche, nilifurahia. Hapo katikati Dorothy akanipigia akiomba moja ya kusikitisha, kwa sababu watalii wanapenda kusikitika kidogo wakiwa likizo. Nikaandika ya mjane. Ilikuwa namba kumi na nne, na iliuzika kuliko zote.

Ule mchoro wenyewe, nyeusi zikizunguka nyeupe, ndio ninaoupenda kupita mingine yote. Nilipotaka kumshonea mama mkwe kitu kizuri, sikufikiria mara mbili. Ile kadi hata haikunijia akilini. Mtu akidanganya sana, uongo mwingine anausahau njiani.

Nikampigia Dorothy.

"Dorothy, lile boksi nililokuachia umpe dereva wa Mbale, ulitia kadi ndani?"

"Si nilikufanyia vizuri? Kitu kilikuwa kizuri hivyo, nikasema mama mkwe ajue maana yake."

"Uliisoma?"



"Nilitazama namba tu. Nilikuwa na wateja. Kwani iko nini?"

Nikamweleza. Dorothy akapumua kwa nguvu mpaka nikasikia upepo kwenye simu.

"Ai, Kadija. Pole. Sasa utasema nini huko?"

"Nitasema ukweli. Nitasema nilizitunga."

"Hapana. Hapo ngoja kwanza. Ukilisema hilo kwa mama mkwe Nakaloke leo, kesho linatembea Mbale, kesho kutwa liko hapa Jinja. Hawa wageni wananunua hadithi, shanga ni za kubebea hadithi tu. Utafunga duka langu."

"Na ndoa yangu ifungwe?"

"Tafuta maneno mengine. Wewe si ndiye hodari wa kutunga? Lakini ukisema hilo, usirudi kwangu. Nakwambia na roho inaniuma."

Kabla sijaweka simu chini, ujumbe wa Swaib ukaingia:

"Mpenzi nimepata dawa. Tutamwambia mama kwa Wanubi wa Jinja hiyo rangi ni ya heshima na aliyeandika kadi alikosea. Yeye ni mtu wa Mbale hatajua. Nakupenda."

Niliutazama ujumbe ule muda mrefu. Ulikuwa uongo mzuri, mfupi, na usingemuumiza mtu. Nikamwandikia:

"Nakuja kesho. Nisubiri mjini."

*

Jumanne saa nne nilishuka Mbale. Swaib ni fundi wa umeme wa sola, alikuwa bado amevaa nguo za kazi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. Nyuma yake mlima wa Wanale ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni.

"Umekula?" akaniuliza.

"Sina njaa."

"Kadija, tafadhali. Tukifika wewe nyamaza, niachie mimi. Mama nitamtuliza. Ni maneno mawili tu."

"Ya uongo."

"Ya amani."

 Tukaenda Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwenye nyumba iliyo nyuma ya soko, yenye mlango wa kijani. Mama yake, Hajati Madinah, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Ukikaa mbele yake unajikuta umenyoosha mgongo bila kuambiwa.

Alikuwa sebuleni. Boksi lilikuwa mezani, na juu ya boksi kadi yangu. Nikapiga magoti kumsalimia.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Kaa."

Hakusema "mwanangu" kama siku nyingine. Akaisukuma kadi kwangu. Mstari wa pili ulikuwa umepigiwa alama kwa kalamu nyekundu.

"Hapo ulikosea Kiingereza," akasema. "Nimekusahihishia."

"Asante, mama."

"Nani aliandika?"

Swaib akawahi. "Mama, hiyo kadi ni makosa ya duka. Kwa Wanubi wa Jinja rangi hiyo ni ya heshima kubwa, yaani mwanamke mkubwa wa nyumba..."

"Swaib, acha," nikasema.

Akanigeukia kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mama, niliandika mimi. Na si heshima. Si tusi pia. Haina maana yoyote. Niliitunga."

"Uliitunga vipi?"

"Nilikaa Kimaka na kalamu nikatunga. Mwenye duka alitaka maana ishirini za kuwapa watalii. Mimi sikuzijua, nikatunga zote ishirini. Kadi aliitia yeye kwenye boksi, hakuisoma. Mimi nilikushonea ule mchoro kwa sababu ndio mzuri kuliko yote ninayoijua. Hilo tu ndilo la kweli hapa mezani."

Hajati alinitazama. 

"Zote ishirini?"

"Zote."

"Nyekundu uliandika nini?"

"Ushujaa wa wawindaji wetu."

"Ninyi mna wawindaji?"

"Hapana, mama. Babu alikuwa mpishi wa jeshi."

"Kijani?"

"Mvua ya kwanza."

"Na njano?"

"Njano niliandika nikiwa na njaa. Nilisema ni sherehe ya mahindi mabichi."

Mdomo wake ukacheza kidogo, kisha ukatulia. Nilidhani tumevuka. Akainua kadi.

"Haya. Umetunga. Lakini kwa mwindaji ulitunga ushujaa, kwa mvua ulitunga neema. Ulipofika kwa mjane, ukatunga akae kimya awaachie wengine nyumba. Kwa nini?"

 Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kukiri uongo, na yeye hakuulizia uongo.

"Kwa sababu niliambiwa niandike kitu cha kusikitisha," nikasema polepole. "Nikasema mjane. Sikumfikiria mjane yeyote, mama. Niliandika lile ambalo watu wanalisema. Naona aibu kwa hilo kuliko kwa kadi zote ishirini."

Hajati akaiweka kadi chini. Akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo hukusikia habari?"

"Habari gani?"

"Usinifiche. Mimi nilisema huyu mtoto amesikia huko Jinja, ndiyo maana ameniletea fumbo. Ananiambia nitulie. Hukusikia habari yangu na Siraje?"

Swaib alikuwa amesimama dirishani. Akageuka.

"Habari gani na Siraje, mama?"

Hapo ndipo Hajati alipojua kwamba si mimi wala Swaib aliyekuwa anajua kitu. Akafunga macho. Mwanamke aliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini, akakosa pa kuweka mikono.

"Mama, Siraje yupi? Fundi nguo wa sokoni?"

"Ndiye huyo."

"Ana nini na wewe?"

"Ameniomba ndoa. Mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia nitafikiria, ngoja kwanza Swaib aoe."

Swaib akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Yule mzee aliyenishonea yunifomu ya shule?"

"Ni mtu mzima, mke wake alikufa, anaswali, hanywi. Ana ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba baba yangu alijenga nyumba hii. Watu wa Nakaloke watasema nini? Hajati amesahau mumewe, anatafuta bwana na mvi kichwani? Mama, haiwezekani. Hilo liishe leo."

"Swaib," nikamwita.

"Wewe hili halikuhusu."

"Linanihusu. Ile kadi nimekuja kuikana hapa. Nimemwambia mama kwamba ni uongo. Sasa wewe unasimama mbele yangu unaifanya kuwa kweli."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umemwambia wakati wake umekwisha. Umemwambia akae kimya. Mimi niliandika kwa ujinga, kwa mtu nisiyemjua. Wewe unamwambia mama yako, na una akili zako."

"Kadija, chunga."

"Sichungi. Ijumaa unataka nije nyumba hii kama mke. Mimi leo nina miaka ishirini na sita. Mungu akikuchukua nikiwa na hamsini, mtoto wangu atanisimamia dirishani hivyo hivyo, na maneno atakuwa ameyajifunza kwako. Nyumba ya namna hiyo siji."

Nililisema kabla sijalipima.  Nampenda Swaib. Nampenda hata anapokuwa mjinga, na siku ile alikuwa mjinga kabisa.

"Unavunja ndoa?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nakuuliza wewe."

"Jamani," Hajati akasema. "Msivunje chochote kwa ajili yangu. Siraje nitamwambia hapana. Kwani nitakufa?"

"Hutakufa, mama," nikasema. "Lakini unamtaka?"

Akanitazama kwa mshangao. Nadhani tangu Siraje aanze kuomba, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Swaib, kaa," akasema. Sasa ilikuwa sauti ya darasani, na Swaib akakaa. "Baba yako nilimpenda miaka ishirini na tisa. Hilo halina mjadala. Lakini wewe uko mjini, unakuja Jumapili. Jumapili nakushukuru, unaleta nyama, unatengeneza taa. Jumatatu mpaka Jumamosi naongea na redio. Nikipika, nakosea kipimo, bado napika cha watu wengi, kinachobaki nampa mbwa wa jirani. Siraje anapita jioni na baiskeli, anasimama pale njiani, ananiuliza leo nimepika nini. Haingii. Miaka miwili anasimama njiani, haingii, kwa kukuheshimu wewe. Ndiyo, namtaka. Nilikuwa naona haya kulisema, na leo nimelisema."

 Swaib alitazama mikono yake. Kisha akasimama, akatoka nje, akaufunga mlango taratibu, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angeubamiza.

Tukabaki wawili.

"Umeniharibia mtoto," Hajati akasema, lakini hakuwa na hasira.

"Samahani, mama."

"Wewe una mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Angeoa mwenye kunyamaza, nyumba hii ingekuwa na mabubu wawili." Akalivuta boksi, akalitoa kawa, akalizungusha polepole. "Kazi nzuri. Hizi shanga ndogo hazikukuumiza macho?"

"Ziliniumiza."

Tulikaa pale labda nusu saa. Alinipa chai, nikaishika tu. Niliwaza mahema, niliwaza shangazi zangu walioanza kuloweka mchele akilini mwao, niliwaza nitarudije Kimaka na nitawaambia nini. Halafu tukasikia sauti ya Swaib uani, karibu na dirisha. Alikuwa kwenye simu.

"Mzee Siraje? Salaam aleikum. Mimi Swaib, mtoto wa Hajati... Ndiyo, niko nyumbani... Hapana mzee, hakuna ubaya. Yunifomu? Hapana, sio mambo ya nguo."

Hajati akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mzee, Ijumaa mimi naoa huko Jinja. Baba yangu hayupo, hilo unajua. Nataka uje na sisi... Hapana, usiseme hutaki kusumbua. Nataka ukae ile nafasi ya baba."  Akakohoa. "Na mzee, jioni ukipita na baiskeli, usisimame njiani. Ingia ndani. Mimi ndiye nakwambia."

Hajati Madinah alijifunika uso kwa mtandio, akalia kama mtoto. Mimi nililia pia, sina sababu ya kuficha. Swaib alipoingia alitukuta hivyo, akasimama mlangoni hajui aanzie kwa nani.

"Sasa mnalia nini?" akasema. "Si nimeshakubali."

"Njoo hapa," mama yake akamwambia.

Akaja, akapiga magoti kati yetu. Hajati akamshika kichwa.

"Kadija," Swaib akasema, uso wake bado umefichwa kwenye nguo ya mama yake. "Ijumaa ipo?"

"Ipo."

"Na hiyo tabia ya kunisema mbele ya mama?"

"Hiyo nayo ipo."

*

Dorothy nilimwandikia nikiwa bado Mbale: "Nimesema ukweli wote."

Akajibu neno moja: "Haya."

Jumatano hakunipigia. Alhamisi mahema yalipofika, nikamwona anaingia uani kwetu Kimaka na bahasha kubwa, amenuna.

"Nimekuja kwa sababu ya harusi, sio kwa sababu yako," akasema.

"Karibu, Dorothy."

"Zile kadi nimezitoa dukani. Zote. Hizi ni tupu." Akanitupia bahasha mapajani. "Utaandika jina la mwanamke aliyeshona, anakaa wapi, na kwa nini alipenda hizo rangi. Kama alizipenda tu, andika alizipenda tu. Tuone kama watanunua."

"Na wasiponunua?"

"Basi utakula ukweli wako na chumvi." Halafu akanikumbatia, na tukaingia jikoni.

Ijumaa baada ya swala watu walikaa kwenye mikeka. Mimi nilikuwa chumbani na mashangazi, pazia limeachwa wazi kidogo, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Wageni wa Mbale walikuwa wamefika na Hajati yumo miongoni mwa wanawake, amevaa zambarau ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mzee Siraje alikuja na kanzu aliyojishonea. Lakini alikuwa amekwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na viatu, na alikuwa anatazama chini.

Shehe akafungua daftari lake.

"Upande wa bwana harusi. Baba yuko wapi?"

Watu wa Nakaloke wakatazamana. Walijua baba yake ni marehemu, wakashangaa swali. Mzee Siraje hakuinuka. Niliona mabega yake yanavyojikunja, na nikasema moyoni, Swaib, usimwache pale.

Swaib akasimama, bwana harusi mzima na kofia yake mpya. Akapita katikati ya watu akivuka magoti na kuomba radhi, mpaka kwenye viatu. Akamshika mzee mkono, akamwinua, akaja naye taratibu mpaka mbele.

"Huyu hapa," akasema.